Machela Aliyoikataa Mama

Kaa hapo usinyanyuke, mwanangu. Tukiwa tunangoja gari la jirani litupeleke hospitali, ngoja nikusimulie asubuhi moja ya mavuno ya maharage, nikiwa msichana kule milimani juu ya Bujumbura. Mama yangu aliketi ghafla katikati ya shamba, yeye ambaye hakuwa mtu wa kuketi. Jasho lilimtoka na mkono wake ulikuwa baridi. Alisema kifua kinambana, taya linamuuma, anataka kutapika.

Shangazi alitaka kuwaita wanaume walete ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa, ambayo wabebaji wake hupewa pombe wakirudi. Mama akakataa. "Apana. Mi nibebwe na wanaume sababu ya kirungurira?" Kirungurira ni kiungulia, na kwetu kila mutu anacho. "Tena wakirudi nitawapa pombe gani?"

Basi akalala jikoni, kwenye moshi uleule aliopikia maisha yake yote, akitia chumvi tele, ugoro puani. Nilimwona akihangaika kuvuta pumzi, nikaogopa hata kulia. Jioni ingobyi ilikuja, ikampeleka kaburini.

Muuguzi alituambia baadaye kwamba ulikuwa moyo. Sisi tulidhani moyo ni ugonjwa wa mabwana wa Kiriri, mtaa wa matajiri mjini, wenye magari na vitambi.

Sasa wewe umeteremka mlimani na mutoto mgongoni, umesimama mlangoni kwangu hapa mjini, Buyenzi, umeshika taya, unasema kirungurira. Mimba ya mwisho presha ilikupanda, ukaambiwa urudi kupimwa. Hukurudi, eti huumwi. Presha haiumi, mwanangu, ndiyo maana naiogopa.

Ukipona, punguza chumvi. Pikia penye hewa, ugoro utupe. Pima presha hata ukijiona mzima, na dawa usiziache eti umepata nafuu. Waambie na wenzako huko mlimani: kifua kikibana na jasho likawatoka, wasingoje maharage yaive. Wapige kelele wabebwe, na anayetaka kucheka acheke.

Hiyo honi ni ya jirani. Huyu hadai pombe. Mutoto nipe mimi, egemea bega langu, twende polepole. Mungu akurudishe mlango huu kwa miguu yako mwenyewe, uje umchukue mjukuu wangu.