Kete Iliyozikwa Mapema

Delmar Tjaden alikuwa anakaribia kushinda, na jambo hilo lilimkosesha raha kabisa.

Mchezo wenyewe ulikuwa umetandazwa kwenye meza ndefu ya chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupasha joto. Ilikuwa ramani ya Urusi wakati wa vita kuu vya pili, imegawanywa vyumba vidogo vya pembe sita kama sega la nyuki, na juu yake mamia ya kete za karatasi ngumu, kila kete ni kikosi. Za kijivu, za Wajerumani, zilikuwa zake. Za kahawia, za Warusi, zilikuwa za mdogo wake Wendell, aliyeikimbia baridi ya kwao Iowa, Marekani, akahamia jimbo la Arizona. Huko nako kulikuwa na ramani nyingine kama hiyo na kete kama hizo. Mmoja akicheza zamu yake anaandika barua pepe: kikosi fulani kimetoka chumba fulani, kimeingia chumba fulani. Mwenzake anasogeza kete vivyo hivyo kwenye ramani yake. Dadu hakurusha yeyote kati yao. Kulikuwa na mashine mahali fulani kwenye mtandao. Ukiiomba inarusha, kisha inawatumia nyote wawili matokeo, ili asiwepo wa kumshuku mwenzake.

Zamani, chini ya kila barua Wendell aliongeza mstari wa matusi ya kindugu. Kwamba Delmar anapigana vita kama anavyocheza dansi, miguu miwili na yote ya kushoto. Delmar naye alijibu kwamba joto la Arizona limemkausha mtu ubongo. Matusi hayo ndiyo yaliyokuwa salamu zao. Halafu mama yao, Bi Viola, akafariki, na tangu hapo barua zikaja na kete tupu, bila neno la juu wala la chini.

Ugomvi ulitokea jikoni mwa kanisa, siku ya maziko, huku kina mama wa kanisa wakijifanya wanaosha vikombe. Bi Viola alikuwa hoi karibu juma zima na Delmar hakumwita mdogo wake mpaka alipokwisha kukata roho. Wendell alisema, bila kupandisha sauti, kwamba amenyimwa mama yake. Delmar akamjibu kwamba mtoto anayependa kuja kwao hangoji kuitwa. Neno hilo alilijutia kabla hajalimaliza, lakini Delmar ni mtu wa kufungua injini, si mtu wa kufungua mdomo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa magari ya kusukuma theluji ya kaunti. Kitu kikivunjika anakiona, anakifungua, anatia kipya. Hili halikuwa na nati ya kushika.

Kwa nini basi waliendelea na mchezo? Kwa ubishi tu. Kwa wachezaji wa michezo hii, mtu anayeacha vita katikati hujulikana mpaka kwa wenzake wa mbali, na hapati tena wa kucheza naye. Kila mmoja alingoja mwenzake aache kwanza ili apate la kumsema. Hakuacha yeyote. Vita vikaenda hivyo misimu ya baridi mitatu, zamu kwa zamu, na bila kuambiana walijua kwamba huo ndio uzi pekee uliobaki kati yao.

Sasa uzi ulikuwa unafika mwisho. Vikosi vya Delmar vilikuwa vimeukaribia mji ule ulio ukingoni mwa mto Volga, na akiuteka tu, kanuni zinasema mchezo umekwisha. Angeweza kuuteka mwezi uliopita. Badala yake akawa anasogeza vikosi vya huku nyuma ambavyo havikuwa na kazi yoyote, anapanga upya mabehewa ya chakula, anangoja matope yakauke hata pale ambapo hayakuwa na shida nayo. Alikuwa anaogopa. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anaogopa kushinda mchezo wa kete.

Mkewe, Arlys, aliona kila kitu na hakusema mengi. Yeye alikuwa na madai yake. Meza ile ameahidiwa tangu mchezo ulipoanza: ukiisha, ni yake, atandaze mfarishi wa viraka anaoushonea kanisa, ambao mpaka leo anaushonea kitandani huku umekunjwa. Dai lake la pili ni bati la kuokea keki. Delmar alilichukua siku moja jikoni akalifanya makaburi. Kete zilizokufa alizitia humo, za kijivu upande huu, za kahawia upande ule. Kila Arlys alipotaka kuoka alisimama juu ya ngazi na kuuliza kama wafu wake wamefufuka.

Mambo yakawa hivyo mpaka asubuhi moja ya Novemba, barua ya Wendell ilipoingia. Ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Wendell alikuwa anashambulia. Kikosi chake cha vifaru kinatoka kwenye chumba kilicho kando ya kinamasi, kusini mwa mji, kinaingia moja kwa moja kwenye njia ya chakula ya Wajerumani.

Delmar akashuka na kikombe chake cha kahawa, akaitazama ramani. Kando ya kinamasi hapakuwa na kitu. Akavaa miwani. Bado hapakuwa na kitu.

Jambo moja hakuliwaza hata kidogo: kwamba Wendell anadanganya. Wendell angeweza kukunyima salamu maisha yake yote, lakini kete asingekuibia. Basi ramani mbili zimeachana, na hilo likitokea wachezaji wana desturi yao. Vita vinasimama. Mnapigiana simu, mmoja anasoma ramani yake chumba baada ya chumba, mwingine anahakiki kwake, mpaka mpate palipoharibika. Kosa likiwa la ubao wako, mwenzako ndiye anayechagua la kufanya, na wewe huna la kusema.

Delmar akaandika: "Ramani yangu haikubali. Inabidi tusome." Akaituma, kisha akakaa akiiangalia kompyuta kana kwamba itamrukia. Jibu likaja kabla kahawa haijapoa. "Jumapili mchana. Namba yangu ni ile ile."

Jumapili hiyo Delmar hakusikia mahubiri hata neno. Chakula cha mchana, tambi na nyama ya kusaga ya Arlys, alikizungusha tu kwenye sahani. Kisha akashuka, akavuta kiti, akapiga.

Hapakuwa na habari gani wala hujambo. Wendell alisema, "Anza kaskazini," na Delmar akaanza. Safu ya kwanza, chumba cha tatu, jeshi la miguu. Ipo. Chumba cha nne, makao makuu na farasi. Zipo. Walikwenda hivyo kama watu wanaopokea mizigo ghalani, mmoja anataja, mwingine anaitikia.

"Polepole," Wendell akasema walipofika karibu na Moscow. "Huu si mnada wa ng'ombe."

"Ndivyo ninavyosoma mimi."

"Najua. Mama alikuwa anasema unasoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa."

Delmar akasoma chumba kinachofuata, polepole.

Walipofika kwenye kinamasi, Wendell akamwambia asisome, aseme tu anaona nini hapo kando. Delmar akasema haoni kitu.

"Kuna vifaru vyangu hapo. Vimekaa hapo miaka."

Delmar akaweka simu chini, akaenda kwenye bati la keki, akaanza kuwachambua wafu wa kahawia. Kete yenyewe ilikuwa chini kabisa. Akarudi nayo kwenye simu na kuuliza vifaru hivyo vilifika kando ya kinamasi lini. Ilisikika kompyuta ya Wendell ikivuma wakati anatafuta barua zake za zamani. Akaipata.

"Machi ile," akasema. "Niliituma jioni. Mama alikufa kesho yake asubuhi."

Delmar akakumbuka yote. Barua ilikaa bila kusomwa mpaka baada ya maziko. Juu, sebuleni, watu walikuwa wanakula nyama ya nguruwe na kusema maneno ya pole, na yeye akashuka na suti yake ya kanisani ili asiwaone, wala asiyafikirie yale ya jikoni. Akafungua barua, akasoma nusu. Kikosi cha vifaru kimepigwa, ndivyo alivyosoma. Hakufika pale palipoandikwa kwamba kimerudi nyuma vyumba viwili.

"Kwa hiyo ulikizika," Wendell akasema.

"Nilikizika."

"Kikiwa hai."

"Kikiwa hai, ndiyo."

"Unajua mimi muda wote huu najiuliza nini? Huyu kaka yangu ameniachia ubavu wazi namna hii kwa nini? Nikasema ni mtego. Delmar hawezi kuwa mjinga kiasi hicho. Nikaogopa hata kukisogeza."

"Haukuwa mtego. Ulikuwa ujinga."

Wendell akacheka kidogo, kwa puani, kile kicheko cha marehemu baba yao. Delmar alikuwa hajakisikia tangu kabla ya maziko, na kikamgonga mahali asipotarajia. Akaishika ile kete kwenye kiganja.

"Wendell. Nilidhani Mama atainuka. Mara zile nyingine si aliinuka? Nikasema nikimwita mdogo wangu atapanda ndege, atamkuta Mama amekaa anakunywa kahawa, anauliza ni mpumbavu gani aliyemsumbua mtoto wake. Nikangoja. Ndiyo maana. Sikukunyima."

Juu, cherehani ya Arlys ilikuwa imenyamaza, na haikuwa kawaida yake kunyamaza saa hiyo.

"Soma safu inayofuata," Wendell akasema.

Delmar akasoma. Sauti haikuwa nzuri, na safu mbili tatu ilibidi azirudie, lakini Wendell hakumtania tena. Alikuwa anaitikia tu: ipo, zipo, ipo. Wakafika kusini kabisa, kwenye milima, pasipokuwa na kosa lingine lolote.

"Haya, chagua," Delmar akasema. Akamweleza hali ilivyo, ingawa Wendell aliijua kuliko yeye: akikirudisha kikosi pale kando ya kinamasi, zamu hii hii njia ya chakula inakatwa, mji unapona, na Wajerumani wamekwisha. "Ni haki yako. Chukua ushindi wako."

"Sitaki."

"Basi tuache kama ilivyo kwangu?"

"Ili uuteke mji kesho halafu iwe basi? Hapana." Wendell akakohoa. "Tunarudi nyuma. Mpaka zamu ile ya Machi. Tuanzie pale palipoharibika."

"Hiyo ni miaka mingine, Wendell."

"Kwani una safari?"

"Sina."

"Basi panga kete zako, na safari hii soma barua mpaka mwisho."

Wakakata simu bila maneno matamu, maana hawakulelewa hivyo. Delmar akaanza kuvivuta vikosi vyake kutoka ukingoni mwa Volga, kimoja kimoja, kuvirudisha magharibi. Misimu mitatu ya ushindi aliifuta kwa mikono yake mwenyewe, na alikuwa anapiga mluzi. Waliokufa katika misimu hiyo akawatoa kwenye bati na kuwasimamisha tena kwenye ramani, vile vifaru vya Wendell vikiwa vya kwanza.

Arlys alishuka na kikapu chake cha viraka mkononi. Huenda aliposikia simu imekatwa alidhani vita vimekwisha. Akasimama ngazi ya mwisho, akaona meza imejaa kuliko alivyoiacha.

"Nani ameshinda?"

"Hakuna. Tumerudi nyuma. Mpaka Machi ile."

Arlys hakuhitaji kuuliza Machi ipi. Akaiangalia meza, akauangalia uso wa mumewe, akaiangalia tena meza.

"Nani aliyetaka hivyo, wewe au yeye?"

"Yeye."

Arlys akasogea, akainama juu ya bati la keki. Zilibaki kete chache tu pembeni. Akazikusanya, akammwagia mumewe kwenye kiganja.

"Meza ikae," akasema. "Bati nalichukua."