Mkalimani Aliyelizidishia Neno Uzito

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Kamusi anavuta kiti chake katikati ya meza. Kulia kwake yupo meneja mgeni anayejua Kiingereza tu. Kushoto, wafanyakazi wa kiwanda cha unga. Kwa saa nne zijazo, hakuna neno litakalovuka meza hiyo bila kupitia kinywani mwake.

Jina hilo la Mama Kamusi amebandikwa na wenzake. Ana miaka hamsini na mbili, na ukalimani ameufanya kwa miaka kumi na saba, akilipwa kwa kikao.

"Watu hudhani kazi yangu ni kujua Kiingereza," anasema. "Kazi yangu ni kupima. Ukilizidishia neno chumvi, umebomoa nyumba ya mtu."

Anajua anachokisema. Mwaka jana aliitwa papa hapa kwenye kikao cha nidhamu. Aliyeshtakiwa alikuwa fundi wa mashine, mtu mpole, miaka kumi na tisa kazini. Mkanda mpya ulioletwa na meneja ulikatika mara tatu ndani ya wiki moja, naye uzalendo ukamshinda. Akamropokea meneja kwamba mkanda huo ni crap, neno alilozoea kulisikia kwa wahandisi wageni. Meneja akaandika malalamiko.

"Mama, neno hilo maana yake nini?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nikasema mavi," anakumbuka, akijifunika uso. "Watu wakashika vinywa. Mimi nimelelewa na mama ambaye kwake tusi ni tusi, halina dogo wala kubwa."

Kanuni ya kiwanda ilikuwa fupi: tusi zito kwa mkubwa, kazi huna.

"Mimi nilidhani ni kama kusema kitu ni cha ovyo," fundi akajitetea. Mwenyekiti akasema uamuzi utatoka baada ya chakula cha mchana.

Mama Kamusi hakula. Alikwenda kwa miguu hadi maktaba ya mtaa, akafungua kamusi nene ya Kiingereza. Huko akakuta kwamba zamani sana neno hilo lilimaanisha makapi, yale yanayobaki nafaka ikishapepetwa. Maana ya kinyesi ilikuja baadaye. Siku hizi ni neno lisilo na adabu, lakini mara nyingi mtu hulitumia kusema tu kwamba kitu hakifai.

"Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kumbe fundi alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi mwenye cheti!"

Akarudi mbio, akanyoosha mkono kabla mwenyekiti hajaketi vizuri.

"Mheshimiwa, asubuhi nilikosea. Neno si la heshima, lakini si zito kama nilivyolifanya. Alisema mkanda ni wa ovyo."

Kisha akamgeukia meneja, akamweleza kwa Kiingereza alichokuwa amekitafsiri. Meneja akatoa macho. Alitaka kuombwa radhi tu, akasema. Kufukuza mtu hakukuwamo kabisa.

Fundi akaomba radhi, akapewa barua ya onyo. Ukumbini akamshika Mama Kamusi mkono kwa mikono miwili. "Dada, umenirudishia pumzi."

"Hakujua kwamba aliyepumua ni mimi," anasema.

Tangu siku hiyo anaandika daftari la maneno makali ya Kiingereza, kila moja na asili yake na uzito wake. Yamefika themanini na manne. Mumewe humtania kwamba ni daftari la kufichwa wakwe wakija. Yeye anapanga kulitoa nakala mwaka huu, awagawie wakalimani wanaoanza.

"Mtu akifukuzwa kazi," anasema, "afukuzwe kwa alichosema yeye, si kwa nilichosema mimi."