Mwaka wa Tatu wa Wimbi

Nilipokuwa mtoto wa kufukuza kuku kwenye wimbi lililoanikwa, nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, alikuwa na neno moja lililotukosesha raha. Tulikuwa maskwota kwenye shamba la mzungu kule Rongai, na kipande tulichoachiwa ndicho kilichotulisha.

"Wimbi panda mara mbili, kisha maharagwe," Kogo alisema. "Mwaka wa tatu ukirudia hapo hapo, hupandi wewe. Wanapanda wafu."

Baba alikuwa mjuaji. Wimbi lilikuwa limezaa vizuri, basi akarudia.

"Mama, hao wafu wako wakitaka kulima, waje na jembe lao."

Walikuja bila jembe. Katikati ya wimbi yaliota magugu yenye maua meupe marefu kama tarumbeta, yaliyofunguka jua likishuka, na harufu ya kuziba pua. Mama aling'oa mpaka mikono ikavimba. Kogo hakugusa hata moja.

"Si yangu," alisema.

Maganda ya miiba ya magugu hayo yakapasukia humo humo, na mbegu zake nyeusi zikaingia kwenye mavuno.

Uji wa kwanza Baba alikunywa peke yake, sisi tukingoja zamu. Adhuhuri alikuwa amesimama uani, midomo mikavu, macho yamekuwa meusi yote. Alikata masuke hewani, pasipo na wimbi, akampa mtu ambaye sisi hatukumwona. Alicheka naye kama ndugu. Mama alimfunga kwa kamba ya ng'ombe, akisema ameshakufa huyu, ni kuanguka tu kumebaki.

Kogo alimwaga uji, akachoma ghala lote. Msimu ule tulijua njaa.

Akili ilipomrudia, Baba aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nani alikuwa anavuna na mimi?"

"Aliyepanda."

Nilikuja kufahamu kwamba magugu yale ni sumu. Pia mbegu za wimbi tulizirusha ovyo shambani, jembe la palizi halikupata njia. Maharagwe hupandwa kwa mistari, gugu hukatwa kabla halijazaa. Hiyo ndiyo siri yote, wala haihitaji wafu. Lakini Baba aliamini wafu kuliko ambavyo angeamini maharagwe, hakurudia tena, na ndivyo alivyozeeka akiwa na akili zake.

Wajukuu wangu wamesoma, hunicheka nikisimulia. Sawa. Mwaka wa tatu ukifika nawatuma wakachukue mbegu, na hakuna hata mmoja anayethubutu kuniletea wimbi.