Mayai Niliyonyimwa na Bibi

Bibi yangu mzaa mama, Mwamvita binti Ayubu, aliuza samaki sokoni Bukoba kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akimwomba radhi mtu yeyote. Samaki ndio aliowaomba, mara moja. Majirani zetu wa Miembeni walipopata habari walisema moshi umempanda kichwani. Waache waseme. Mimi nilikuwepo, wao hawakuwepo.

Baba yake alikuja na biashara kutoka Pwani, mama yake alikuwa Mhaya wa Kamachumu, kwa hiyo bibi alizungumza Kiswahili na wateja, Kihaya na wavuvi, na akikasirika alichagua matusi kutoka kote kuwili. Uani kwake palikuwa na chanja la kukaushia samaki, refu kuliko lori, limejengwa kwa miti na nyavu za chuma, na chini yake moto haukuzimika msimu mzima. Wachuuzi wengine watano wa sokoni hawakuwa na chanja la maana. Masika yakianza, jua halionekani na samaki hamalizi siku mbili kabla hajaoza. Basi wote walileta samaki wao kwa bibi, na bibi aliwapokea kwa masharti yake.

Samaki mwenyewe wa masika alikuwa ningu. Ningu anaishi ziwani, lakini mvua zikikolea na mito ikafurika, anapanda mtoni kwenda kuzaa. Enzi zile za Mwingereza, watu wa Bukoba walimpenda ningu, na mayai yake waliyapenda zaidi, yakikaangwa kwa kitunguu na kuliwa na ndizi. Tenga likiwasili kwa baiskeli kutoka Izigo, bibi alikuwa akichukua samaki mmoja mmoja na kumbonyeza tumbo kwa kidole gumba. Mwenye mayai alimweka kando na tabasamu juu. Aliyekwisha zaa alimtupa upande wa pili huku amevuta mdomo. Kile kidole gumba ndicho kilicholeta balaa lote, ingawa ilichukua miaka mwenyewe kulitambua.

Masika ya mwaka 1946 tenga lilikuja nusu. Mwaka uliofuata samaki walifunika chini ya tenga tu. Bibi aliamua kwamba anaibiwa. Alijifunga kanga mbili, akapanda lori lililokuwa likienda kuchukua kahawa, akashuka Izigo kumtafuta Protase Karugendo, mkulima na mvuvi aliyekuwa akimletea ningu tangu kabla ya vita.

Alimkuta amesimama mtoni, maji yamemfika magotini, anafunga uzio wa matete uliokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Katika mianya ya uzio ule ndimo alimotega migono yake, mitego ya fito iliyosukwa mfano wa chupa: samaki akishaingia mdomoni hatoki tena.

"Karugendo! Samaki wangu unampelekea nani?"

"Salamu kwanza, waitu," alijibu Karugendo kwa neno la heshima la Kihaya, bila kugeuka.

"Salamu nitakupa ukinijibu."

Karugendo alitoka majini taratibu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo naye alikuwa na hasira zake. Alimshika bibi mkono, akampeleka ukingoni kabisa, akamwonyesha migono.

"Midomo inatazama wapi?"

"Ziwani."

"Baba yangu aliielekeza juu, kule mto unakotoka. Ningu alimwacha apande, azae, ndipo amkamate akirudi. Na uzio hakuufunga mpaka wapandao wamekwisha pita. Mimi nimeigeuza migono. Mwaka wa saba huu."

"Kwa nini uigeuze, mtu mzima wewe?"

"Kwa ajili yako, waitu. Mwenye mayai unamchekea meno yote nje. Aliyekwisha zaa unamtupa kama kitambaa kibovu. Nikasema nimpe mama anachokitaka. Na wenzangu wa mito mingine wameona, nao wamegeuza. Sasa unaniuliza samaki wako wako wapi? Umewala tumboni mwa mama zao."

Bibi aliketi kwenye majani mabichi, kanga zake zikalowa. Aliniambia baadaye kwamba siku hiyo aliona aibu hasa. Alikuwa amekuja kumkamata mwizi, na mwizi akawa ni yeye. Lakini bibi yangu hakuwa mtu wa kukaa na aibu muda mrefu. Alinyanyuka, akakung'uta kanga.

"Geuza."

"Na watu wa mjini watanunua mifupa?"

"Watu wa mjini niachie mimi. Wewe geuza migono, na uzio usiufunge mpaka wamepita. Kesho nenda kwa wenzako wa mito mingine, waambie Mwamvita hachukui tena ningu mwenye mayai, wala samaki huyo hatapata pa kukaushwa Bukoba nzima."

Karugendo alimtazama sana. Kisha akaingia majini, akang'oa mgono wa kwanza, akaugeuza mbele ya macho yake.

Sokoni habari ilipokelewa vibaya. Sada, mchuuzi aliyekuwa na meza jirani na ya bibi, alipiga makofi kwa kejeli.

"Samaki wa Mungu, ziwa la Mungu, wewe ni nani wa kuweka sheria?"

"Chanja ni la nani?" bibi alimuuliza.

Sada aliondoka na tenga lake. Alijaribu kukausha ningu wake wenye mayai mwenyewe, nyuma ya nyumba yake, kwenye moto wa kuni mbichi. Siku ya tatu harufu iliwafikia wazee waliokuwa wakitawadha msikitini, na mumewe akaambiwa.

Kuwauza ningu waliokondeana ilikuwa kazi ya mdomo, na mdomo bibi alijaliwa. Mteja akilalamika kwamba samaki hana kitu, alimjibu, "Huyu amezaa, kazi yake ameimaliza. Wewe ya kwako umeimaliza?" Watu walicheka, wakanunua. Wengine walimpita wakaenda kununua nyama, na bibi aliwasalimia kwa heshima zote kana kwamba hakuona.

Masika ya mwaka 1948 mtihani ulihamia nyumbani. Mama yangu, Mastura, alikuwa na mimba, na mimba hiyo ndiyo mimi. Alitamani mayai ya ningu asubuhi, mchana na jioni. Kwetu mwenye mimba hanyimwi anachokitamani, husemwa mtoto huzaliwa na alama. Mama alilia. Baba yangu, Bashiri, mtu mpole asiyependa ugomvi, alitoka siku moja akarudi na kifurushi cha jani la mgomba amekificha ndani ya koti. Bibi alikuwa mlangoni. Pua yake ilikuwa ya kazi.

"Nani kakuuzia, mwanangu?"

"Sada," alisema baba. Uongo hakuujua.

Bibi hakugomba. Alikifungua kifurushi mkekani mbele ya mama, akachota mayai kwa ncha ya kijiko, kiasi cha kufunika ukucha mmoja.

"Hesabu, Mastura. Ukimaliza haya, ule yote."

Mama alichukua mwiba wa mchungwa, akaanza kuyatenga moja moja. Alifika mia na hamsini na kitu, na ukucha ulikuwa haujapungua hata nusu. Aliuweka mwiba chini. Akamtazama mama yake, akatazama tumbo lake, kisha akalitazama lile furushi zima. Hakuyala. Alinuna wiki mbili, hilo silifichi, na mimi nilizaliwa na alama ya kahawia chini ya sikio, ninayo hadi leo. Ukiniuliza nani alaumiwe, nitakwambia bila kusita kwamba ni bibi, na nitakwambia nimemsamehe.

Sada alikataliwa chanja msimu wote ule. Uliofuata alikuja mwenyewe na tenga lake, akalimwaga uani bila neno. Bibi alibonyeza tumbo la kila samaki kwa kidole gumba kilekile. Wote walikuwa wamezaa. Akasogeza kuni, akampisha nafasi.

Usidhani ningu walirudi kesho yake. Mwaka wa kwanza hakuna kitu, wa pili hakuna kitu, wa tatu Karugendo alileta samaki kumi na wanne na kuwataja utadhani wanawe. Watu walimwambia bibi kwamba ziwa limechoka, ni mambo ya Mungu. Bibi aliwajibu kwamba Mungu hakugeuza migono.

Nilipotimiza miaka saba alinipandisha lori la kahawa hadi Izigo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Karugendo, sasa ana mvi, alitupokea ukingoni. Uzio wake ulikuwa wazi katikati, mwanya wa kupita ng'ombe wawili. Bibi alikunja kanga, akanishika mkono, tukaingia majini hadi magoti yangu. Nilikuwa nataka kuuliza tunangoja nini, ndipo kitu kikanigonga mguuni. Kisha kingine. Halafu maji yote yakawa migongo, migongo myeusi inayosukumana kupanda juu, wakitupita huku na huku bila kutujali.

Nilipiga kelele. Bibi hakunikataza. Alikuwa ameinama, mikono miwili ndani ya maji, kidole gumba kimekunjwa ndani ya ngumi.

"Niwieni radhi, jamani," aliwaambia, polepole, wakati wanapita. "Niwieni radhi."

Kisha akanigeukia, uso umelowa, akaigusa ile alama chini ya sikio langu.

"Mayai niliyokunyima, mjukuu wangu," alisema. "Yamekua."