Isabela Anyoa Nywele za Dawa

Dickson alipenda nywele ndefu, na sababu yake aliijua mkewe Isabela peke yake. Watu wa Chiwata walimwona ni mwanamume anayejali. Kila dawa ya nywele ilipoanza kuisha nguvu na nywele za asili kuchomoza chini, yeye mwenyewe alimpakia mkewe kwenye pikipiki na kwenda kumshusha saluni, Masasi. "Unapendwa, mwenzangu," walimwambia wanawake. Laiti wangemwona jikoni! Alizizungusha nywele zile kwenye kiganja, akavuta, kichwa kikafuata, na mwili ukafuata kichwa.

Isabela huyu hakuzaliwa mnyonge. Shule ya msingi alisoma kichwa kimenyolewa kama wasichana wenzake, akiokota korosho za bibi yake na kurushiana mawe na wavulana wa Lulindi mpaka wakakimbia. Dawa ya kulainisha nywele alipakwa mara ya kwanza wiki ya harusi yake. Bwana harusi alitoka Newala, akaja kuishi ukweni kama wengi wa huko wanavyofanya, kwenye mikorosho ya ukoo wa mke. Jambo hilo lilimkera Dickson kila siku ya Mungu. Shamba halikuwa lake, nyumba haikuwa yake, na neno la mwisho lilikuwa la Selestini, mjomba wa mkewe. Basi akirudi na uraka kichwani, ile pombe ya mabibo, alitafuta kitu kilicho chake cha kushika.

Msimu mmoja wa korosho alimkamata kwa sababu ya ugali uliopoa. Dawa ilikuwa mbichi kichwani na ngozi ilikuwa imeungua. Alimburuta kutoka jikoni hadi uani, kisogo kikigonga kizingiti, na alipoachia, fungu la nywele lilibaki mkononi mwake pamoja na ngozi. Binti yao Flora alisimama mlangoni akitazama. Dickson alikung'uta mkono kama mtu aliyeshika unga, akawasha pikipiki, akaenda kwao Newala kupumzisha hasira.

Mama yake Isabela, Bibi Scholastika, alimsafisha vidonda kwa maji ya chumvi. "Vumilia, mwanangu," alisema, na Isabela akatamani kumtemea mate mama yake mzazi.

Kesho yake alikwenda Masasi. Msusi wake, Sophia, alikigeuza kichwa kile huku na huku, akakunja uso.

"Hapa siweki dawa, Mama Flora. Itakuozea. Acha nywele zako za asili ziote, tuwe tunapunguza hizi za dawa taratibu."

"Taratibu mpaka lini?"

"Mwaka. Mwaka na nusu."

Isabela aliuwaza ule mkono wa Dickson ukiendelea kumvuta mwaka na nusu mwingine.

"Nyoa zote."

"Bwana wako ataniua!"

"Ataanza na mimi. Nyoa."

Mashine ikapita. Nywele zilianguka sakafuni, ndefu, zimelala kama mkia wa ng'ombe, na Isabela akazisukuma kwa mguu. Sophia alimpaka mafuta, akamfunga kitambaa. Lakini kitambaa kiling'ang'ania vidonda, na kabla bodaboda haijapita Lisekese alikuwa amekivua. Upepo ulimpiga utosini. Aliona raha, na katika raha ile akasahau kitu ambacho mwanamke wa Chiwata hasahau. Kijijini kwao, mke wa mtu hunyolewa kipara siku moja tu: mumewe akifa.

Jirani yake, Anjelina, alikuwa anaanika korosho. Alimwona akishuka, kichwa kitupu, macho yamevimba, anatoka mjini kwenye hospitali. Na Dickson aliondoka kwa fujo na pikipiki, kila mtu alimsikia. Ungo ulimwanguka Anjelina.

"Jamani! Dickson! Pikipiki imemmaliza!"

"Hajafa," Isabela alisema. "Nimenyoa tu."

"Mshikeni, akili imeruka!"

Wakamshika. Kadiri alivyokana ndivyo walivyomkumbatia na kulia. Simu ya Dickson haikupatikana, na mjomba Selestini akaona huo ni ushahidi tosha. Mikeka ikatandikwa, unga ukaletwa, kuni zikaletwa, maharage yakabandikwa. Isabela alichoka kubisha. Alikaa mkekani kati ya wanawake, akajaribu kimoyomoyo kuwa mjane. Alijisikia vizuri. Aliona aibu, lakini alijisikia vizuri.

Jioni pikipiki ikaingia uani. Wanawake walitawanyika wakipiga mayowe.

"Nani amefariki?" Dickson aliuliza. Ndipo akakiona kichwa cha mkewe, na akaelewa yote.

"Umeninyolea mimi? Na niko hai?"

Aliipiga teke sufuria ya maharage, maharage ya moto yakawamwagikia watu miguuni. Ngumi ya kwanza ilimpasua Isabela mdomo, ya pili ikang'oa jino. Kisha mkono wake ukaenda kisogoni, moja kwa moja, bila kutafuta, na watu wote waliona ulivyoizoea njia ile. Ukateleza kwenye mafuta. Ukarudi, ukakwangua vidonda, ukateleza tena. Dickson alikuwa ameuweka uzito wake wote katika kuvuta, na hapakuwa na cha kuvuta. Alianguka chali kwenye mafiga.

Isabela alikuwa ameshaokota mwiko wa msibani, ule mrefu wa kusongea ugali wa watu wengi. Hakumpiga kichwani. Alipiga mkono. Alipiga mkono uleule, damu ikimtoka mdomoni, mpaka aliposikia mfupa ukivunjika, kisha akaongeza moja. Hakuna aliyemzuia. Anjelina alikuwa amejiziba mdomo, akikumbuka zile safari za saluni.

Dickson alijivuta hadi miguuni pa Selestini, mkono ukining'inia.

"Shikamoo, mjomba. Umeona alivyonifanya?"

Selestini hakuitikia. Alimtazama Bibi Scholastika, dada yake. Yule mama aliyesema vumilia akaingia ndani, akatoka na begi la nguo za mkwewe, akalitupa kwenye maharage yaliyomwagika.

"Tumeshalia," alisema. "Unga umeshaletwa. Mwanangu ameshanyolewa. Mkwe wetu amekufa, na wewe hatukujui. Toka kwenye msiba wa watu!"

Akarudi mkekani, akaketi, akaanza kulia upya, na wanawake wote wakamfuata. Dickson alitembea kwa miguu hadi barabarani, kilio cha msiba wake mwenyewe kikimsindikiza.

Siku hizi Isabela huuza korosho za kubangua sokoni Newala. Nywele zimeota, za kipilipili, fupi, nzito, hazijaonja dawa tena. Ng'ambo ya soko huonekana mwanamume mwenye mkono uliopinda, juu ya pikipiki, akisubiri abiria. Mteja mmoja mgeni alimwuliza Isabela kama ana mume.

"Alifariki."

"Oo, pole, mama. Alifariki lini?"

Isabela aliyatupa macho yake hadi ng'ambo, akajikuna kichwa polepole kwa vidole vyote vitano.

"Siku niliyonyoa," alisema, akamfungia korosho zake.