Rufaa ya Swali la Nne

Matokeo yanapobandikwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hunitafuta. Wamesikia kwamba niliwahi kukata rufaa nikashinda. Ninakaa nao, ninawaeleza polepole. Kwenye kitivo chetu barua inapaswa kufika sekretarieti ndani ya siku tatu za kazi. Taja somo, taja swali, sema ni kitu gani hasa unaomba kiangaliwe upya. Toa nakala, na usitoke ofisini bila nakala yako kupigwa muhuri wa kupokelewa. Msiogope, ninawaambia, rufaa si matusi. Wanaandika, wananishukuru, wanaondoka wakiwa wamepata nguvu. Yaliyobaki siwaelezi.

Nilikuwa mwaka wa pili, hapa Gitega, nikisomea sheria. Nilipanga chumba mtaa wa Mushasha na mwenzangu wa darasa, msichana aliyekulia ukimbizini Tanzania, ambaye wazazi wake walirudi kulima Nyarusange. Mimi kwetu ni Muyinga, mtoto wa fundi cherehani katika mtaa wa Waislamu. Tulikula sahani moja, tukakaa benchi moja. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, changu kilimchekesha; Kifaransa cha darasani ndicho kilichomsumbua.

"Iko, iko, iko," alinitania. "Siku moja utaolewa na hiyo iko yako."

"We subiri," nilimjibu. "Kifaransa kitakuoa we wa kwanza, tena kwa nguvu."

Jumanne moja, matokeo ya sheria ya ardhi yalibandikwa. Majina hayaandikwi, ni namba tu. Namba yangu ilikuwa na saba kwa ishirini. Yake ilikuwa na kumi na tatu. Kwetu chini ya kumi ni kushindwa. Ukishindwa somo moja au mawili unafanya sesheni ya pili, yaani mtihani wa marudio, ukishindwa matatu unarudia mwaka. Mimi nilikuwa nimeshashindwa mawili. Baba alikuwa ameniambia wazi kwamba mwaka wa kurudia haupo, kwa sababu mdogo wangu naye anangoja zamu yake ya kusoma.

Mwenzangu alisoma namba yake mara mbili, akiifuata kwa kidole. Hakushangilia. Nilidhani ni kwa ajili ya kunihurumia.

Nilijua nimejibu maswali yote manne. Ningeweza kuandika siku ileile. Lakini nyumbani kwetu barua ya kwenda kwa mkubwa haitoki bila baba kuiona. Baba huwaandikia hata majirani barua za kwenda ofisi ya komini, juu ya meza yake ya kukatia nguo, akisogeza mkasi na chaki pembeni. Basi Jumatano asubuhi nilipanda gari kwenda Muyinga, na siku ya kwanza kati ya zile tatu ikaishia njiani.

Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Andika kwanza unaomba radhi kwa kumsumbua."

"Baba, mi sikukosa."

"Mama, we iko unaandikia nani? Rafiki yako ya darasa? Mkubwa hawezi ambiwa amekosa. Unamuomba. Akiona unyenyekevu, anaangalia mwenyewe."

Nikaandika kwa Kifaransa kile alichonisomea kwa Kiswahili. Nilieleza kwamba mimi ni mtoto wa fundi, kwamba tuko wengi, kwamba ninatambua udhaifu wangu, kwamba ninaomba moyo wake wa mzazi. Ilikuwa barua nzuri. Baba aliisoma kwa sauti, akaikunja mara tatu kama anavyokunja shati la mteja. Alhamisi nikarudi nayo Gitega.

Ijumaa barua zilipokelewa mpaka saa sita mchana. Saa nne na nusu nilikuwa mbele ya katibu wa kitivo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliisoma yote, kisha akanirudishia.

"Hii ni barua ya kuomba huruma," alisema. "Huruma haina biro, haina ofisi hapa."

"Ni rufaa, baba."

"Rufaa iko wapi? Unaandika unatambua udhaifu. Basi kama umeshindwa na umekubali, profesa aangalie nini? Nikipiga muhuri hapa, umejisainia saba yako." Aliniona macho yanajaa, akashusha sauti. "Nenda uandike ingine. Fupi. Swali gani, na kosa gani. Saa sita nafunga, mi pia niko na tumbo."

Nilirudi chumbani karibu nikikimbia. Mwenzangu alikuwa uani akifua, mikono ndani ya beseni. Nilimweleza huku nikilia.

"Acha kulia, utaandika saa ngapi?" alisema. "Tuanze mwanzo. Ulijibu yote?"

"Yote. Hata niliomba karatasi ya nyongeza."

"Uliandika namba yako juu yake?"

Nilijiona tena ndani ya ukumbi, msimamizi akipiga makofi kwamba muda umekwisha, karatasi zikipitishwa kwenye benchi kutoka mkono hadi mkono. Sikuwa nimeandika chochote juu. Niliichomeka tu kati ya vijitabu vya majibu vilivyokuwa vikipita.

"Kulikuwa na swali gani kwenye hiyo karatasi?"

"La nne."

Mikono yake iliacha kufua. Kisha akaipangusa kwenye kanga, akaingia ndani, akaniletea kalamu.

"Andika hivyohivyo. Swali la nne liko kwenye karatasi ya nyongeza isiyo na namba. Unaomba itafutwe, hata kama imeingia ndani ya kijitabu cha mtu mwingine."

"Cha nani?"

"Andika, mwenzangu. Saa inakwenda."

Barua ilikuwa ya mistari sita. Katibu aliipiga muhuri zikiwa zimebaki dakika chache, akasema, "Sasa hii inasomeka."

Wiki iliyofuata tuliitwa wote wawili. Hapo ndipo nilipoelewa, tukiwa tumekwishaketi mbele ya profesa. Mezani kulikuwa na vijitabu viwili, na kati yake karatasi moja yenye mwandiko wangu wa kulala upande wa kushoto. Ilikuwa imetoka ndani ya kijitabu cha mwenzangu.

Profesa hakuwa mkali. Alimwuliza mwenzangu, "Hii ni yako?"

Angeweza kusema hakumbuki. Angeweza kuomba muda. Alisema, "Si yangu. Swali la nne sikulijibu."

Profesa alifuta, akaandika. Alama tano zilitoka upande mmoja zikaenda upande wa pili. Mimi nikawa na kumi na mbili, yeye akawa na nane. Tulisaini mmoja baada ya mwingine, kwa kalamu ileile.

Njiani kurudi Mushasha, alitangulia hatua mbili mbele yangu.

"Ulijua siku ile unafua?" nilimwuliza.

"Nilijua tangu Jumanne kwamba alama zangu zimezidi nilichoandika, kuna zisizo zangu. Sikujua ni za nani. Sikutaka kujua."

Nilikuwa nimekwenda Muyinga na kurudi huku yeye akilijua hilo. Nilitaka kumkasirikia, lakini asingeleta ile kalamu, nisingekuwa na kumi na mbili. Sikumwuliza angenyamaza mpaka lini kama nisingelia mbele yake. Mpaka leo sijamwuliza.

Badala yake nilisema, "Lakini swali lile lilikuwa rahisi."

Nilijutia neno hilo kabla halijamaliza kutoka. Swali lilihusu familia iliyorudi kutoka ukimbizini ikakuta mtu mwingine amejenga kwenye shamba lake. Kwangu mimi, mtoto wa mjini, lilikuwa swali la kurasa mbili na vifungu vitatu vya sheria.

"Nilianza kuandika," alisema bila kugeuka. "Nikaona namwandika baba, na mtu aliyejenga shambani kwetu. Nikafuta."

Jioni ile nilipika mimi. Hatukutaniana. Baada ya kula alivuta daftari, akaweka mkeka, akasema kwamba sesheni ya pili haiko mbali na kwamba, kwa kuwa jibu langu lilipata alama zote, nimfundishe.

Nilikaa, nikaanza kumweleza kama ninavyojua kueleza, taratibu, kuanzia chini. Nilimweleza sheria inasemaje kuhusu aliyekaa kwenye ardhi muda mrefu kwa nia njema. Nilimweleza aliyerudi anatakiwa kuleta ushahidi gani, na nini kinaweza kutokea asipokuwa na karatasi yoyote. Kila sentensi ilipotoka niliisikia jinsi inavyoweza kusikika Nyarusange. Nilitaka kuilainisha, lakini jibu la mtihani halilainishwi.

Yeye huwa anauliza. Darasani alikuwa akiuliza mpaka watu wanaguna. Jioni ile aliandika kila nililosema, mstari kwa mstari, bila kuuliza hata mara moja.

"Nirudie?" nilimwambia tulipofika kwenye haki za yule aliyejenga.

"Hapana," alisema. "Hapo nimeelewa. Endelea."