Jina Nililokunyima

Nakumbuka wiki uliyozaliwa, mwanangu, nyumba yetu ya Nyalenda imejaa wanawake na chai haitoshi. Wote walingoja nikuite Akoth, jina la marehemu mama ya baba yako. Nikakataa. Mama mkwe alianza kuvunjika siku aliyoinua sufuria ya dagaa wa omena, mgongo ukapinda, akafa amepinda. Na Akoth wa kabla yake, walisema, alikuwa hivyo hivyo. Niliamini jina ndilo linalovunja watu. Nikakuita Adhiambo, nikajiona mjanja kweli.

Waya, dada ya baba yako, akaweka kikombe chini. Unaujua ulimi wake. "Mama Adhiambo, hiyo jina umekataa, sawa. Na damu ya mama yangu, hiyo utafukuza na nini? Si iko ndani ya huyu mtoto?"

Wanawake wakacheka. Mimi nilinuna hadi jioni.

Lakini maji hufuata mkondo. Waya mwenyewe, ambaye hakuitwa Akoth, siku hizi mgongo umepinda, anatembelea fimbo. Na wiki jana wewe umeteleza kidogo tu jikoni kwako Migosi, mkono ukavunjika. Wengine huteleza hivyo wakainuka wakicheka. Nililia, mwanangu. Nilikuficha jina, mifupa ikakupata.

Daktari alipouliza kama kuna mwingine nyumbani aliyevunjika hivyo, nilijibu mimi. Nikamtajia nyanya yako na Waya. Akatueleza kwamba nguvu ya mifupa tunairithi kwa baba na kwa mama, wala si kitu kimoja, ni vingi vidogo vidogo: hiki kinapunguza, kile kinaongeza. "Lakini kurithi si lazima uvunjike tena, mama," akakuambia. "Wacha tupime tujue."

Ukamjibu, "Nitakuja siku ingine."

Siku ingine ni lini? Najua unaogopa, hata mimi ningeogopa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi sikiliza nasaha ya mama yako. Nenda ukapimwe kabla mfupa mwingine haujavunjika, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kula omena na mifupa yake, kunywa maziwa, tembea, ota jua la asubuhi. Ukipewa dawa, meza, usiifiche kabatini kama unavyopenda. Na umweleze binti yako mapema, asikue akidhani kwenu kuna laana. Ni damu tu, na damu hiyo hiyo ndiyo iliyokupa kile kicheko cha Akoth, kinachofanya majirani waulize kuna sherehe gani.

Jumatatu nitafika Migosi mapema, twende pamoja. Mungu akushike mkono, akunyooshee mgongo hadi uzeeni. Na siku utakapoinama, iwe ni kumbeba mjukuu wako. Na huyo, mwanangu, tutamwita Akoth.